Mtoto Akataaye Nyama

Katika nyumba nyingi za Goma nyama si chakula cha kila siku. Huletwa Jumapili, au siku ya sikukuu, au mgeni anapofika, na siku hiyo harufu ya sufuria hufika mpaka kwa jirani. Mama amehesabu fedha zake mara mbili kabla ya kwenda kwa mchinjaji wa soko la Virunga. Amepika kwa makaa, nayo makaa yana bei yake. Basi chakula kinapowekwa mezani, mtoto wa miaka miwili au mitatu huchukua kipande chake, hukitafuna kidogo, hukificha shavuni, halafu hukitema mkononi mwa mama yake. Akishurutishwa, hulia. Akipigwa, hutapika. Baba hukasirika, mama mkwe hutikisa kichwa, na siku ya furaha hugeuka siku ya ugomvi.

Kwa mtu asiye na watoto jambo hili laonekana dogo. Kwa wazazi si dogo hata kidogo. Wengine huona hofu ya kwamba mtoto atakosa damu na nguvu. Wengine hudhani amerogwa. Wengine humlaumu mama ya kwamba amemdekeza, na lawama hiyo humchoma mama kuliko njaa yenyewe. Wasomaji wapenzi, leo twapenda kulitazama jambo hili kwa utulivu na kujibu maswali matatu: Kwa nini mtoto hukataa nyama? Je, yumo hatarini? Na wazazi wafanye nini?

SI UKAIDI

Kwanza yafaa tujue ya kwamba njaa ya mtoto haiendi sawasawa tangu kuzaliwa mpaka kukua. Mtoto aliyezaliwa na uzito wa kilo 3 hivi huuzidisha mara tatu katika mwaka wake wa kwanza, akafikia kilo 9 au zaidi. Katika mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 3 tu. Mwili wake umepunguza mwendo wa kukua, na tumbo lake lataka kidogo kuliko vile mama anavyotazamia. Mama huona sahani iliyobaki, akasema: “Mtoto wangu hali tena.” Kumbe mtoto amekula kadiri ya haja yake.

Pili, yatazameni meno yake. Magego ya kwanza huota mtoto akiwa na miezi 13 hadi 19 hivi. Yale ya nyuma yake huchelewa mpaka kadiri ya miaka miwili na nusu. Kabla ya hapo mtoto ana meno ya kung'atia, lakini ya kusagia hana ya kutosha. Naye ng'ombe wa Masisi amepanda na kushuka milima maisha yake yote, na mbuzi wa mishikaki hali yake ni hiyo hiyo. Mtu mzima hutafuna nyama yake kwa bidii. Mtoto huizungusha kinywani mpaka ikawa kama kamba, kisha huitema. Huo si ukaidi. Ni kazi iliyoushinda mtaimbo wake.

Tatu, kati ya mwaka wa pili na wa sita watoto wengi huogopa chakula wasichokizoea. Hukikataa kabla ya kukionja, kwa sababu ya rangi yake, au harufu yake, au kwa kuwa ni kigumu. Hali hiyo huonekana kwa watoto wa mataifa yote, weusi kwa weupe, matajiri kwa maskini. Na nyama ambayo mtoto huiona mara moja kwa juma, au mara moja kwa mwezi, atawezaje kuizoea? Yeye huiona kila mara kama mgeni.

Nne, huenda tumbo limekwisha kujaa. Mtoto aliyekunywa chai ya sukari saa nne, akala mandazi saa tano na biskuti saa sita, hawezi kuwa na hamu ya chakula cha saa saba. Hapo tusiilaumu nyama, tuilaumu biskuti.

NYAMA INA NINI NDANI YAKE?

Mama mkwe husema: “Asiyekula nyama hana nguvu.” Neno lake lina kweli ndani yake, ila si kweli yote. Nyama ina protini, yaani kile kinachojenga mwili. Ina madini ya chuma, ambayo bila hayo damu hupungua. Ina pia madini ya zinki yasaidiayo mtoto kukua na kushinda maradhi, na vitamini B12, ambayo hupatikana katika vyakula vitokavyo kwa wanyama tu. Kwa hiyo nyama ni chakula bora. Lakini hakuna hata kimoja katika hivyo kilichomo katika nyama peke yake. Samaki, yai na maziwa navyo vina protini na vitamini B12. Madini ya chuma yamo pia katika maharage na mboga za majani, ingawa mwili huyapokea kwa shida zaidi kuliko yale ya nyama na samaki.

Tena kipimo anachohitaji mtoto ni kidogo. Mtoto wa miaka miwili hutaka kadiri ya gramu 13 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, na nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 7 hivi. Mtoto aliyekula hivyo pamoja na uji wake na ugali wake hajakaa na njaa ya protini, hata kama hajagusa kipande kimoja cha nyama. Familia za Kikatoliki zajua jambo hili kwa matendo: Ijumaa za Kwaresima hupita bila nyama mezani, na hakuna anayedhoofika kwa sababu hiyo.

Hatari ya kweli iko mahali pengine. Wazee wa Kivu waijua vizuri, nao waliipa jina: bwaki. Miguu ya mtoto huvimba, nywele zake hubadilika rangi na kung'oka, ngozi huambuka, naye hununa na kukataa mchezo. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliueleza ugonjwa huo katika mwaka wa 1933, na katika mwaka wa 1935 akauandika kwa jina walilolitumia akina mama wa kabila la Ga: kwashiorkor. Kwao ulikuwa ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Siku hizi waganga wasema ya kwamba ukosefu wa protini si sababu pekee ya ugonjwa huo; lakini wote wakubali ya kwamba humshika mtoto anayelishwa muhogo au mahindi tu, siku kwa siku, bila kitu kingine kando yake.

Tusidhani ya kwamba mambo hayo ni ya zamani. Uchunguzi uliofanywa katika Kongo nzima katika miaka ya 2013 na 2014 ulionyesha ya kwamba zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao, na katika Kivu ya Kaskazini walikuwa kama nusu. Zaidi ya nusu ya watoto wa nchi walikuwa na upungufu wa damu, na hapo malaria na minyoo nayo husaidiana na chakula kibaya. Kwa hiyo mzazi asijiulize tu: “Mtoto wangu amekula nyama?” Ajiulize: “Kando ya ugali, mtoto wangu amekula nini?”

Hapa twataka kuonya juu ya desturi moja. Katika nyumba nyingi vipande vya nyama ni vya baba na wageni, nao watoto wadogo hupewa mchuzi. Mama hujifariji akisema kwamba nguvu yote imeingia katika mchuzi. Sivyo. Mchuzi una utamu, chumvi na mafuta kidogo. Protini na madini ya chuma hubaki zaidi katika kipande chenyewe. Mchuzi wafaa kulainisha ugali. Hauwezi kushika mahali pa nyama, wala pa samaki, wala pa maharage.

GHALA YA GOMA

Mji wetu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, lakini mikono yake inafika mbali: mmoja ziwani, mmoja Masisi, mmoja Rutshuru. Mtoto akataaye nyama ana vyakula vingi vya kumtunza hapa.

Cha kwanza ni sambaza. Wengi hudhani samaki huyu amekuwa katika Ziwa Kivu tangu mwanzo. Sivyo. Alitolewa Ziwa Tanganyika, akapandwa humu wakati wa Wabelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu maji ya katikati ya ziwa letu hayakuwa na samaki mdogo wa kuvuliwa kwa wingi. Tangu hapo amezaana, na wavuvi huenda usiku kumvuta kwa mwanga wa taa. Asubuhi anauzwa kandokando ya ziwa, na katika masoko yote ya mji. Sambaza huliwa mzima, kichwa na mifupa pamoja, hivi kwamba mtoto hupata pia chokaa ya kujenga mifupa yake. Aliyekaushwa aweza kutwangwa akawa unga. Kijiko kimoja cha unga huo katika uji au katika mboga hakisumbui meno ya mtu yeyote.

Cha pili ni maharage. Wengine huyadharau kama chakula cha kila siku, lakini chakula cha kila siku ndicho kinachojenga. Maharage yakiliwa pamoja na mahindi au mchele hukamilishana, kwa maana upungufu wa protini ya hiki hujazwa na kile. Wakulima wa Kivu hupanda pia aina za maharage zilizochaguliwa kwa sababu zina madini ya chuma kupita mengine. Kwa mtoto mdogo yapikwe mpaka yalainike kabisa, kisha yapondwe.

Cha tatu ni mboga zetu. Sombe iliyotwangwa na kupikwa vizuri mpaka sumu yake ikaisha, ikatiwa karanga zilizosagwa na unga wa sambaza, ni chakula kamili. Kadhalika lengalenga. Uji wa mahindi uliochanganywa na soya iliyokaangwa na kusagwa ni bora mara nyingi kuliko uji mtupu wenye sukari.

Kisha kuna yai, na kuna maziwa na jibini ya Masisi, ile ambayo wengi huiita fromaji. Kipande kidogo cha jibini mtoto hukipokea kwa furaha hata akiwa mwenye kuchagua sana. Ila maziwa ya ng'ombe yasipite nusu lita kwa siku, kwa sababu yakizidi huondoa njaa ya vyakula vingine, nayo hayana madini ya chuma ya kutosha.

Neno moja juu ya damu. Chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Machungwa, mapapai, marakuja na nyanya huyasaidia yaingie. Basi mama anayempa mtoto maharage na chai, ampe maharage na chungwa. Gharama ni karibu ileile, lakini faida si moja.

Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na mabenki yakafungwa, nyumba nyingi zilikaa majuma bila kuona nyama. Watoto waliopata maharage na sambaza walikuwa na cha kuwategemeza. Tusingoje taabu ndipo tuwafundishe watoto wetu kuvipenda vyakula hivyo.

MEZANI

Lakini mzazi atauliza: “Je, niache kumpa nyama kabisa?” Hapana. Nyama iendelee kuwekwa mbele yake, ila kwa hekima. Twashauri hivi.

1. Ipikwe mpaka ilainike, kisha isagwe au ikatwekatwe vidogo sana. Ini hulainika upesi kuliko nyama nyingine, nalo lina madini ya chuma kwa wingi. Nyama iliyosagwa ikachanganywa na viazi vilivyopondwa, au na makemba, mtoto huila bila kuitambua kama adui.

2. Awekewe kidogo. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba chatosha. Akimaliza, ataomba. Sahani iliyojaa humtisha mtoto kabla hajaanza.

3. Asishurutishwe. Wengine watatujibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kumkunja si kumvunja. Mtoto aliyeshikwa pua na kujazwa nyama kinywani hajifunzi kupenda nyama. Ajifunza kuichukia, pamoja na mkono unaompa.

4. Asihongwe. Mama akisema, “Kula nyama nikupe bonbon,” mtoto asikia neno moja tu: kwamba bonbon ni tuzo na nyama ni adhabu.

5. Iletwe tena na tena. Wataalamu waliochunguza watoto wachanga na wadogo wameona ya kwamba chakula kipya huenda kikahitaji kuonjwa mara 8 mpaka 15 kabla ya kukubaliwa. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. Haba na haba hujaza kibaba.

6. Wale pamoja. Mtoto hutazama kinywa cha baba yake na cha kaka yake kuliko anavyosikiliza maneno yao. Baba anayesema mboga ni chakula cha mbuzi asishangae mtoto wake akirudia neno hilo kesho.

7. Chakula kiwe na saa yake. Kati ya mlo na mlo apewe maji, na tunda likiwapo, wala si chai na biskuti mpaka jioni. Baada ya nusu saa hivi sahani iondolewe bila hasira, naye angoje saa nyingine.

Kwa ufupi: kazi ya mzazi ni kuchagua chakula kipi kiletwe na saa ngapi, kazi ya mtoto ni kusema kiasi gani kimemtosha. Kila mmoja akishika kazi yake, vita huisha.

Jambo hilo lilijaribiwa zamani huko Marekani. Kuanzia mwaka wa 1926 daktari mmoja mwanamke, Clara Davis, aliwachukua watoto wachanga 15 waliokuwa wakiachishwa ziwa, akawawekea vyakula mbalimbali katika vyombo, wakachagua wenyewe bila kushurutishwa na mtu. Siku moja mtoto alikula mayai tupu, siku nyingine matunda tupu. Lakini mwisho wote walikuwa na afya njema. Mwaka 1939 daktari huyo alieleza siri ya jaribio lake: vyombo vyote vilikuwa na chakula kizuri tu. Hapakuwa na peremende wala mikate ya sukari. Uhuru wa mtoto hufaa pale ambapo mzazi amekwisha kuchagua vyema.

DALILI ZISIZOPUUZWA

Tuliyoyasema ni juu ya mtoto anayekataa nyama huku akicheza, akicheka na kukua. Mtoto anayekataa chakula chote ni habari nyingine. Mama na ampeleke kituo cha afya bila kungoja akiona dalili hizi: uzito unapungua au hauongezeki kwa miezi, miguu inavimba, viganja na midomo imekuwa myeupe, anachoka upesi, ana homa au kuhara kusikokoma, au husongwa kila anapomeza.

Kituoni watampima mkono wa juu kwa utepe wenye rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, kipimo kilicho chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu, maana yake hatari kubwa. Kati ya 115 na 125 ni rangi ya manjano, maana yake aangaliwe upesi. Mtoto wa rangi nyekundu asitibiwe nyumbani kwa dawa za majani. Upo unga wa karanga, maziwa na vitamini uliotengenezwa kuwa kama siagi, nao umeokoa watoto wengi tangu ulipobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1990.

Tena angalieni kusongwa. Mtoto aliye chini ya miaka minne asipewe vipande vikubwa vya nyama ngumu, wala karanga nzima, wala asile huku akikimbia. Mwenye kuogopa nyama huenda siku moja alisongwa nayo, na mdomo wake haujasahau.

NANYI WANAFUNZI

Twajua ya kwamba katika nyumba nyingi si mama anayemlisha mdogo wenu mchana. Ni ninyi, mama akiwa sokoni. Basi kazi hiyo ni kubwa. Msimcheke akitema. Msimwambie mama ya kwamba amemaliza, nanyi mmekula kipande chake. Oneni mikono yenu kwanza, kama ni safi. Mkaeni naye chini, mkaleni mbele yake kwa furaha. Mara nyingi mdogo atakubali kwa dada yake kile alichokataa kwa mama yake.

Nanyi akina baba, msiuache mzigo huu juu ya mama peke yake. Siku ya nyama, kipande laini kianzie kwa mdogo kabla ya kufika kwenye sahani yenu. Siku isiyo ya nyama, fedha ya sambaza na ya yai isikosekane kwa sababu ya chupa ya jioni. Na mama anapolaumiwa na ndugu ya kwamba mtoto wake mchaguzi, baba awe wa kwanza kumtetea.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akilelewa kwa kofi mezani, atakua akiogopa meza. Akilelewa kwa subira, kwa sahani ndogo, kwa maharage laini na sambaza wa ziwa letu, siku moja magego yake yatakapokuwa yametimia, ataunyosha mkono wake mwenyewe kwenye bakuli ya nyama. Siku hiyo shida ya mama itakuwa nyingine: nyama haitatosha.